Saa 72 Baada ya Kondomu Kupasuka

Msikilizaji, kondomu imepasuka Ijumaa usiku, na hali ya mwenzako huijui. Usingoje Jumatatu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, yaani PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyochelewa ndivyo kinga inavyopungua. Kliniki ya huduma na matibabu ya VVU (CTC) ikiwa imefungwa, nenda kitengo cha dharura hospitalini.

Utaulizwa maswali ya aibu kidogo: mlipitia njia gani? Palikuwa na michubuko? Mwenzako anatumia dawa za kufubaza VVU, yaani ARV? Jibu bila kuficha. Anayepokea kwa njia ya nyuma yuko hatarini zaidi. Kwa kubusiana tu hakuna cha kuhofia. Na anayetumia ARV vizuri hadi virusi havionekani kwenye kipimo haambukizi kwa ngono. Unene na sura ya kuvutia, jamani, si kipimo cha VVU.

Utapimwa kwanza, maana PEP si tiba ya aliyekwishaambukizwa. Kisha ni dawa kila siku, siku 28. Kichefuchefu kikikuzidi, rudi kwa mhudumu, usiache kimyakimya. Endelea kutumia kondomu, na utapimwa tena baada ya wiki sita na miezi mitatu.

Na wewe dada, ukiwa hapohapo kwenye dirisha la dawa, ulizia pia vidonge vya dharura vya kuzuia mimba.