MWALIKO, SI WITO: KUANDAA SIKU YA FAMILIA ZINAZOSOMESHA WATOTO NYUMBANI

(Hotuba kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Nimetakiwa nieleze jinsi ya kuandaa na kutangaza siku ya pamoja ya familia ambazo watoto wao wanasomea nyumbani. Familia hizo si za namna moja. Wapo wazazi wanaofundisha wenyewe kwa hiari. Wapo pia wenye mtoto mlemavu asiyeweza kufika shuleni kwa miguu, wenye binti aliyejifungua akaona haya kurudi darasani, na wenye kijana aliyeacha masomo ambaye sasa hufundishwa na kaka yake jioni.

Ili tusizungumze hewani, nautoa mfano wangu Tanzania Bara, katika Kata ya Ikinga, Wilaya ya Ileje. Wilaya hiyo ni ya milima, imepakana na Malawi, na tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa mpya wa Songwe. Tuseme kamati ya kata hiyo imekusudia kufanya siku kama hii. Ianzie wapi?

Ianze kwa kuitambua hofu ya mzazi. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 inamtaka kila mzazi wa Tanzania Bara amwandikishe mtoto aliyetimiza umri wa miaka saba na ahakikishe anahudhuria shule. Mtendaji wa Kata ndiye anayemfuatilia mzazi asiyetii. Basi tangazo la sherehe likitoka kwa Mtendaji huyo huyo, likiwa na muhuri, mzazi atalisoma kama hati ya kuitwa shaurini. Watakaojaa uwanjani ni wale ambao watoto wao wamo shuleni tayari. Waliokusudiwa watafunga milango.

Kwa hiyo hapana budi mwaliko upelekwe na watu wanaoaminiwa: mhudumu wa afya wa kijiji, mwalimu mstaafu, viongozi wa dini na akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Waende nyumba kwa nyumba, na kwa wazee waseme Kindali au Kilambya. Maneno yawe machache: siku gani, mahali gani, mtoto atapata nini, na kwamba siku hiyo hakuna atakayeandikwa jina kwa ajili ya kushtakiwa. Mtendaji atoe ahadi hiyo mbele ya kamati kabla mwaliko haujatoka, na aitimize.

Lakini kamati isimdanganye mzazi kwamba mafunzo ya nyumbani yanaondoa wajibu wake wa kisheria. Shabaha ya siku hiyo ni kumwonyesha milango iliyo wazi. Upo Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, yaani MEMKWA, ulioanza kwa majaribio mwaka 1999. Tangu Novemba 2021, Serikali imeruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi katika shule za kawaida. Kijana aliyekosa sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, kisha akawa mtahiniwa wa kujitegemea wa Kidato cha Nne. Kila mlango uwe na meza yake na afisa anayejibu hapo hapo.

Kadhalika majira yazingatiwe. Katika milima ile mvua huanza mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili, na njia huwa tope. Siku ifanywe wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na isigongane na siku ya gulio. Mahali pawe panapofikika kwa mtoto mlemavu, na hotuba ziwe fupi.

Ndugu Wananchi, mambo haya si mageni kwetu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Redio ilitoa somo, lakini aliyemfanya mtu aende kikundini ni jirani yake. Aidha, mwezi Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, nyumba nyingi ziligeuka madarasa. Hapana mzazi wa wakati ule asiyejua ugumu wa kazi hiyo.

Yanayomhusu Mtendaji wa Ikinga yanamhusu Sheha wa Unguja na Pemba. Sheha anayejulikana kwa kufuatilia watoro asiwe sauti ya kwanza ya mwaliko. Awe mwenyeji anayepokea wageni, na aliye jirani wa familia ndiye abishe hodi.

Mwisho, tusiipime siku hii kwa wingi wa watu, ngoma wala fulana. Baada ya mwezi mmoja kamati ikutane tena iulize: ni watoto wangapi waliokuwa nyumbani ambao sasa wana mwalimu, kitabu na nafasi ya kufanya mtihani? Ikiwa jibu ni hata mmoja, kazi imeanza. Ikiwa hapana, kamati irudi milangoni, safari hii bila ngoma.