Mstari wa Madumu

(Mazungumzo yaliyotolewa na mjumbe wa kamati ya jamii katika mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, kambini Nyarugusu)

 

Kamati imenipa dakika 15 na kichwa kirefu cha maneno: "Imani yetu na desturi zetu katika maisha ya kila siku kambini". Nilipokisoma niliona ni kichwa cha semina ya siku tatu, yenye soda na posho ya usafiri. Kwa dakika 15 nitachukua sehemu moja tu ya kambi, nayo ni bomba la maji. Hapo ndipo kila mtu hufika, awe wa kanisa gani au msikiti gani.

Kwanza neno moja kuhusu siku yenyewe, kwa sababu vijana wengi wanadhani ililetwa na wazungu. Mkataba wa OAU kuhusu wakimbizi ulitiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, ukaanza kutumika 20 Juni 1974. Sisi Waafrika tulikuwa tukiikumbuka tarehe hiyo kama siku yetu kabla ya Umoja wa Mataifa kuamua, mwezi Desemba 2000, kwamba kuanzia 2001 iwe siku ya dunia nzima. Kwa hiyo tunapopiga ngoma leo, tunapiga ngoma ya kwetu.

Sasa bomba. Ndugu zetu wa idara ya maji wana hesabu zao, nazo ni hesabu nzuri. Viwango vinavyotumiwa na mashirika vinasema mtu apate angalau lita 15 kwa siku, koki moja isihudumie zaidi ya watu 250, na mtu asisubiri zaidi ya dakika 30. Mama zangu wanacheka hapo mbele, nawaona. Wanajua dakika 30 za kitabu na dakika 30 za bomba.

Ndiyo maana tulibuni utaratibu wetu ambao hamna kitabu kilichotufundisha. Saa kumi na moja alfajiri, kabla koki haijafunguliwa, mama anapeleka dumu lake, au bido kama wengi wetu tunavyosema, analiweka nyuma ya dumu alilolikuta, anarudi nyumbani kuwasha moto. Dumu linasimama badala yake. Lina alama: moja lina msalaba wa rangi nyekundu, lingine nyota na mwezi, lingine limefungwa kitambaa cha kitenge, lingine limetobolewa shingoni kwa kisu cha moto. Mgeni akipita anaona plastiki za njano chini. Mimi naona watu wamepanga mstari kwa adabu, kila mmoja akimwamini asiyekuwepo. Hata jambazi wa kijiji analiheshimu dumu.

Desturi zetu zilipata taabu sana tulipofika hapa. Chukueni habari ya wakwe. Kwa wengi wetu kutoka Fizi na Uvira, mwanamume hamsogelei mama mkwe wake, hali naye, wala hapishani naye njiani bila kugeuka. Mwaka 1996 vita vilipotusukuma kuvuka Ziwa Tanganyika, mitumbwi haikuwa na upande wa wakwe. Watu walikaa magoti kwa magoti usiku kucha. Wazee waliokuwamo waliamua, bila baraza wala muhtasari, kwamba mkwe akigeuza uso inatosha. Tulipofika, afisa aliyepanga viwanja alituweka jamaa karibu karibu, akifikiri anatusaidia, na choo kikawa kimoja kwa watu 20. Kijana mmoja alichimba choo chake peke yake kwa usiku mbili nyuma ya nyumba. Watumishi walidhani anataka ukubwa. Alikuwa anamkimbia mama mkwe.

Imani nazo zilipata taabu yake. Siku za mgawo hazikuuliza dini ya mtu. Ulipoangukia Jumamosi, Msabato alimpa kadi jirani yake Mkatoliki, akaenda kusali, akarudi jioni akakuta unga, maharage na mafuta yake vimepangwa mlangoni, chumvi juu. Mwezi wa Ramadhani jirani zangu Waislamu wanahitaji maji jioni, na kuna vijiji ambako wanawake wa kwaya huwachotea kabla koki haijafungwa. Hakuna aliyebadili dini kwa hayo. Nilichokiona mimi ni kwamba mtu hawezi kuishika sabato yake au saumu yake kambini bila mikono ya jirani asiyeishika.

Mwaka 2015 ndugu zetu kutoka Burundi walipoingia kwa maelfu, kambi ikazidi mara mbili ya watu wake, na wageni wakalazwa makanisani na madarasani. Mistari ya maji iliongezeka hata ukikaa mkiani huioni koki. Tuligombana, sisemi uongo, na madumu yalirushwa. Lakini ugomvi ulikuwa wa maji tu. Sikumsikia mtu akisema dumu la fulani lisiwekwe kwenye mstari kwa sababu ya yeye alivyo.

Mwaka huu nimelisikia. Hilo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, kuna mama mzee, naye sitamtaja. Ni mjane, anaishi na mjukuu mmoja wa kike wa miaka tisa. Wakati wa mvua walikufa watoto watatu wa nyumba zinazomzunguka, katika muda wa majuma machache. Baada ya mazishi ya tatu dumu lake lilianza kukutwa nje ya mstari. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Linasukumwa kwa mguu tu, taratibu, na pengo linazibwa. Akilirudisha, linasukumwa tena. Siku hizi haji alfajiri. Anakuja karibu saa tano, watu wameondoka, koki inakaribia kufungwa, anapata nusu dumu ya maji yanayodondoka. Yasipotosha, mjukuu anashuka bondeni kuchota ya kijito, na wauguzi waliopo hapa wanajua maji ya kijito huleta nini.

Kamati ilinituma nikaulize. Nilikaa pale asubuhi tatu. Mmoja aliniambia, "Mimi sina neno naye, Mwalimu, ila nina watoto." Mwingine akasema mtumishi wa Mungu ameonyeshwa usiku katika maombi. Wa tatu, mama aliyefiwa, hakusema maneno mengi. Aliniuliza, "Mbona yeye yupo?"

Swali hilo silicheki, na nawaomba watumishi wa mashirika wasilicheke. Muuguzi alimpima mtoto damu akakuta malaria, na alisema kweli, kwa maana malaria ndiyo inayowamaliza watoto wadogo katika mkoa huu wakati wa mvua. Lakini mama huyo alikuwa na watoto wanne chini ya chandarua kimoja. Anajua mbu anavyoleta ugonjwa. Ameyasikia kwenye mafunzo na anaweza kuwafundisha wengine. Anachouliza ni kwa nini huyu kati ya wanne, na kwa nini bibi wa miaka sabini anakohoa mpaka asubuhi na anaamka. Kipimo cha damu hakijibu hilo. Mimi nimefundisha miaka mingi na sina jibu la kumpa. Ayubu mwenyewe aliuliza, na marafiki zake waliojifanya kujua sababu ndio waliokemewa.

Ninachoweza kusema ni kuhusu jibu ambalo watu wamejipatia. Nimeliangalia jibu hilo kwa muda mrefu linavyotembea kambini, na linapenda mlango wa namna moja. Linampata asiyekuwa na wana wakubwa. Linampata mjane, mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni miaka yote, au mtoto yatima anayekojoa kitandani. Sijaona likikaa siku mbili mlangoni kwa mwenye duka na vijana watano. Kama kweli ni Mungu anayewaonyesha watu wachawi usiku, basi inashangaza kwamba hawaonyeshi kamwe mtu ambaye wanamwogopa mchana.

Wakristo wenzangu, mnaikumbuka habari ya mwanamke Msamaria kisimani. Alikuja kuchota saa sita, jua la utosi, peke yake. Wanawake hawachoti saa sita; yeyote aliyeishi kijijini anajua hilo. Wahubiri wengi hudhani alikuwa akiwakwepa wengine. Na Yesu, ambaye watu wake hawakutumia chombo kimoja na Wasamaria, alimwomba maji kutoka chombo chake. Tumeihubiri habari hiyo mara ngapi kambini? Na ndugu zangu Waislamu mnacho kisima cha Ruma pale Madina, ambacho mwenyewe alikuwa akiwauzia watu maji, mpaka Uthman bin Affan akakinunua kwa mali yake akakifanya cha wote, naye akachota kama wengine. Sijui kisima kingine kinachofanana zaidi na bomba letu.

Wachungaji wangu, na waombaji wa usiku, nawaheshimu. Watu wanawajia kwa sababu mlango wa zahanati hufungwa jioni na wa kwenu haufungwi. Lakini jina la mtu likitajwa katika maombi usiku, asubuhi limefika bombani. Na kuna sheria. Nchi hii iliyotupokea ina Sheria ya Uchawi ya tangu 1928, ya enzi za Waingereza, na inamkamata pia yule anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Wengi wanadhani inamhusu mshirikina peke yake. Inamhusu na mwenye kunyosha kidole. Sipendi kuwatisha watu kwa polisi, sisi ambao tumetishwa vya kutosha, ila asiseme mtu hakuambiwa.

Kwa watumishi wa mashirika nina ombi. Najua mtakalofikiri mkisikia habari hii: kumwandika mama huyo katika orodha ya walio hatarini na kumhamishia zoni nyingine. Kama ataguswa mwilini, mhamisheni siku hiyo hiyo. Lakini kabla ya hapo, tafadhali subirini. Gari likija kumchukua na godoro lake, kijiji kizima kitasema, mmeona, hata wazungu wamejua. Neno hilo litafika zoni mpya kabla yake, na hapa litamngoja bibi mwingine. Mwacheni abaki nyumbani kwake, na tuyashughulikie maji.

Pendekezo la kamati ni fupi. Dumu lolote likiondolewa kwenye mstari kwa hila, mlinzi wa bomba anafunga koki. Haulizi nani kaondoa, haiti sungusungu, hafanyi mahubiri. Anakaa juu ya jiwe mpaka dumu lirudi mahali pake, kisha anafungua. Ni hayo tu.

Kuna waliopinga, na hoja yao ina uzito. Walisema, mnawaadhibu wanawake hamsini kwa mguu wa mmoja, na mwenye mtoto mgonjwa nyumbani atangoja kwa kosa lisilo lake. Ni kweli atangoja. Tulibishana jioni nzima juu ya jambo hilo. Mimi nasimama upande wa pendekezo kwa sababu nilikaa pale asubuhi tatu na nikaona kwamba mguu unasukuma mmoja, lakini pengo huzibwa na wote. Kila dumu husogezwa mbele kidogo, na aliyelisogeza hatazami chini. Wazee wetu katika mitumbwi ya 1996 walilegeza desturi nzito kuliko hii ili mama mkwe asibaki ufukweni. Hapa hakuna desturi hata ya kulegeza. Kusukuma dumu la mjane hatukurithi kwa babu yeyote.

Wengine walitaka mama huyo aapishwe hadharani, kwa Biblia au kwa njia za kienyeji, ili watu watulie. Kamati imekataa. Akiapa leo na mtoto akafa mwezi wa mvua ujao, ataapishwa kwa kitu gani tena?

Maoni juu ya pendekezo hili yatapokelewa na viongozi wa vijiji hadi Ijumaa. Jumatatu kutakuwa na mkutano chini ya mwembe karibu na kituo cha maji, saa tatu asubuhi, na watakaopiga kura ni wanawake peke yao, kwa kuwa ndio wanaochota. Wanaume tunaruhusiwa kusikiliza. Mama aliyefiwa amesema atakuja. Yule mama mzee naye nimemwalika kwa mdomo wangu. Amekubali, ila ameuliza kama mkutano utakwisha kabla koki haijafungwa.