Injini Ni Ile Ile?

Mkulima wa Ntobeye, wilayani Ngara, akiuza kahawa yake anunue pikapu iliyotumika, mara nyingi huvutwa na rangi. Mimi namwambia: fungua boneti. Kwenye Toyota Hilux, kibati cha kiwanda hutaja aina ya injini. Kikisema 2L, yaani dizeli ya lita 2.4, na bloku imegongwa 3L, ya lita 2.8, basi injini siyo ile. Aina zikifanana, bado linganisha namba ya bloku na ya kadi. Kubadili injini si dhambi, mradi TRA wameandikishwa. Lakini namba iliyopigwa tupa ni kesi ya polisi, na atakayehojiwa kwanza ni wewe mnunuzi. Soma namba, ndipo uhesabu noti.