Usipoziba Ufa: Msaragambo wa Matengenezo Nyumbani

(Maneno ya kamati ya fedha, tawi la Dar es Salaam, kwenye harambee ya mwaka)

  

Sisi wa kamati ya fedha mmezoea kutuona hapa tukisoma mapato na matumizi. Leo tunaomba tuanze na kosa letu. Miaka mitatu iliyopita mlichanga, tukanunua vyerehani sita vya kikundi cha akina mama kule Usangi. Tulipiga picha, tukaviandika kwenye daftari kuwa mali ya kudumu, tukafunga ukurasa. Desemba iliyopita, tulipopanda mlima kwa sikukuu, tulikuta vinne vimesukumwa pembeni, juu yake pamewekwa madebe ya maharage. Daftari lilisema vyerehani vipo, na kweli vilikuwepo. Ila havikushona.

Tulimwita fundi. Viwili vilihitaji mkanda mpya na mafuta. Cha tatu kilikuwa kimesongwa na nyuzi na vumbi. Cha nne kinasubiri kipuri hadi leo. Na sisi, ndugu zetu, tulikuwa tayari tumeweka vyerehani vipya kwenye bajeti ya mwaka huu!

Ndipo tukakubaliana na wazee tufanye siku nzima ya matengenezo. Tuliazima darasa, tukaunganisha madawati, tukatangaza msikitini na kanisani: kila mwenye kitu kilichoharibika akilete, na akae hapo hapo aone kinavyotengenezwa. Watu walikuja na pasi, redio, majiko ya mafuta ya taa, taa za sola, baiskeli na miavuli. Pasi nyingi zilikuwa zimekatika waya karibu na plagi tu. Bibi mmoja alileta redio iliyonyamaza tangu mumewe afariki. Betri zilikuwa zimevuja, vyuma vyake vimeota kutu. Kijana wa sekondari alivisafisha kwa limau na kitambaa, akaweka betri mpya. Redio ilipolia, darasa zima lilipiga makofi. Vingine vilishindikana, hasa taa za sola ambazo betri zake zimekufa na vipuri havipatikani. Tuliwaambia wenyewe ukweli, wakaondoka navyo.

Wenzetu wa Uholanzi wanafanya jambo kama hili. Tarehe 18 Oktoba 2009, mwandishi wa habari Martine Postma aliandaa siku ya kwanza jijini Amsterdam, akaiita Repair Café. Leo zipo katika nchi nyingi. Wao walianza kwa kuwa watu walikuwa wamezoea kutupa na kununua kingine. Kwetu mafundi hawajaisha. Shida yetu ni kwamba nauli ya kushuka Mwanga na kurudi inaweza kuzidi gharama ya kutengeneza redio yenyewe, basi kitu kinawekwa uvunguni.

Na jambo lenyewe si geni kwetu. Ndiva na mifereji ya wazee wetu haikudumu kwa sababu ilijengwa mara moja. Ilidumu kwa sababu kila ilipobomoka watu walitoka kwa msaragambo, kila mmoja na jembe lake.

Kuna neno moja lilituuma. Fundi mmoja wa pale sokoni alisimama mlangoni akatuuliza, "Mkitengeneza bure leo, kesho mimi nitakula wapi?" Hatukuwa na jibu. Tulikaa naye jioni, na tumekubaliana hivi: mafundi wa nyumbani ndio watakaoongoza siku hizo, watalipwa posho na chama, na watafundisha vijana. Kazi kubwa zitapelekwa kwenye vibanda vyao kwa malipo ya kawaida.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, mchango wenu wa leo ununue kasha la vifaa: bisibisi, koleo, mita ya kupimia umeme, kifaa cha kulehemu nyaya, pamoja na mikanda na sindano za cherehani, tambi za majiko, plagi, fyuzi na viraka vya baiskeli. Humo itoke pia posho ya mafundi kwa siku mbili kila mwaka, Pasaka na Desemba. Pili, mkutano upitishe kanuni kwamba kila shilingi 100 tunayonunulia kifaa, shilingi 10 itengwe kwa matengenezo yake. Sisi wahasibu tunajua kuandika uchakavu kwenye vitabu. Tulisahau kuuwekea fedha.

Mwakani tukisimama hapa, hatutawasomea tu idadi ya tulivyonunua. Tutawasomea na vinavyofanya kazi.