Kona Nane za Kontena

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Umoja wa Ukoo)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa safu ya mbele, dada zangu na kaka zangu, wana na wajukuu mliotoka Maskati, Dubai, Toronto na Minneapolis, na nyinyi mliofunga safari kutoka Mombasa kuja kutuona katika baridi hii ya Uingereza:

Kamati imenipa dakika ishirini nizungumze juu ya usafirishaji wa mizigo ya ukoo. Naishukuru Kamati kwa heshima hiyo, ila naomba ruhusa niifinye mada. Nitazungumzia kipande kimoja tu cha chuma, ambacho ukubwa wake haupiti sana ule wa mkate mdogo wa boflo. Ninayo sababu ya kukichagua, na sababu hiyo nitaieleza kabla sijashuka hapa jukwaani. Ningependa vijana wavumilie.

Wengi wenu mnajua kwamba mwaka 1981, nikiwa na umri wa miaka 22, niliajiriwa ukarani wa forodha katika bandari ya Mombasa, na nikaifanya kazi hiyo hadi nilipohamia huku mwaka 1992. Nilipoanza, sehemu kubwa ya mizigo pale Kilindini ilikuwa bado ikipakuliwa kwa namna ya zamani. Magunia, makasha na mapipa yalipangwa ndani ya nyavu au kwenye mbao, winchi ikayainua, na makuli wakayapokea chini, moja baada ya jingine. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu na kuandika. Meli moja iliweza kukaa gatini siku nyingi, na katika siku hizo gunia hili lilitoboka, kasha lile likafunguka lenyewe, na mimi na daftari langu tukabaki kuulizwa maswali. Sisemi ni nani aliyekuwa akiyafungua. Wazee mnacheka kwa kuwa mnajua.

Makontena nayo yalikuwa yamekwisha kuanza kuja, na siku ya kwanza niliyosimama karibu na kontena likipakuliwa, nilimwuliza msimamizi wetu swali la kitoto: Mzigo mzito namna hii umeshikwa wapi? Hapakuwa na mkanda uliopita chini wala wavu uliolizunguka. Akanielekeza kwa kidole chake, nami nikaziona: pembe nne za juu, na katika kila pembe tundu. "Kona," akaniambia. "Kontena ni kona. Hayo mengine ni bati."

Naomba mlishike neno hilo, maana ni kweli kuliko nilivyodhani siku ile.

Kontena lina kona nane, nne juu na nne chini. Kila kona ni kipande cha chuma cha kusubu, chenye uwazi ndani. Kwa kipimo cha kimataifa, kona ya juu ina urefu wa milimita 178, upana wa milimita 162 na kimo cha milimita 118. Ina matundu matatu: moja juu, ikiwa ni kona ya juu, au moja chini, ikiwa ni ya chini, na mengine mawili katika pande zake zinazotazama nje. Tundu la juu ni la mviringo uliorefushwa, urefu wake unakaribia mara mbili ya upana wake. Umbo hilo si pambo. Ile fremu ya winchi inayoshuka juu ya kontena, ambayo mabandarini huitwa spreda, ina makomeo manne, na kila komeo lina kichwa kilichorefushwa vivyo hivyo. Kichwa huingia tunduni kikiwa kimelalia urefu wa tundu, kisha huzungushwa robo ya mzunguko. Hapo kinakaa kimekingama, na hakiwezi tena kutoka. Taa huwaka kumwarifu dereva aliye juu kwamba makomeo yote manne yamefunga, naye hainui mpaka azione.

Basi, kontena la tani thelathini linaning'inia kwenye robo ya mzunguko, mara nne.

Kazi ya kona haikomi hapo. Melini, makontena hupandishwa moja juu ya jingine, na baina yao huwekwa makomeo ya namna ile ile, yanayoshika kona ya chini ya kontena la juu na kona ya juu ya kontena la chini. Kisha fito za chuma hukatizwa kwa mshazari na kukazwa katika matundu ya pembeni, ili mrundo usiyumbe baharini. Kwenye lori pia, ni kona za chini zinazofungwa kwenye trela. Kuta za kontena, ndugu zangu, ni bati la kukunjwakunjwa lenye unene wa milimita mbili hivi. Uzito wote wa mrundo hauzigusi. Hushuka kwenye kona, ukapita katika nguzo nne za pembeni, ukafika kwenye kona ya chini, na kutoka hapo ukaingia kwenye kona ya kontena lililo chini yake. Ndiyo maana kona za juu huchomoza juu ya dari kwa milimita 6 au zaidi, na za chini hushuka kidogo kupita tumbo la kontena, ili dari isibebeshwe na tumbo lisilaliwe. Shangazi aliyeko Mombasa, aliyeligeuza kontena la mwaka 2014 kuwa duka, aliniuliza kwa nini mlango haufungiki. Nilipokwenda kumtembelea niliona limewekewa mawe katikati na kona mbili zinaelea hewani. Tuliliinua kwa jeki, tukaweka mawe chini ya kila kona, na mlango ukafungika siku ile ile.

Kitu hiki hakikuzuka peke yake. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston, ikiwa na makasha 58 juu yake. Mwenye fikra hiyo alikuwa Malcom McLean, tajiri wa malori, lakini aliyeumba namna ya kuyashika makasha hayo alikuwa mhandisi wake, Keith Tantlinger. Kwa miaka kadhaa baadaye kila kampuni ilikuwa na kipimo chake na mshiko wake. Kampuni moja ilitumia makasha ya futi 35, nyingine ya futi 24, na winchi ya huyu haikuweza kulishika kasha la yule. Tantlinger alipokwisha kuacha kazi kwa McLean ndiye aliyemshawishi aiachie hataza ya kona na komeo, na mwaka 1963 ikaachiwa wote waitumie bila malipo. Mfanyabiashara kuachia hataza si jambo la kila siku. Kutokana na mshiko huo kikapatikana kipimo cha kimataifa, ISO 1161, na leo kontena linalofungwa Felixstowe hushikwa na winchi ya Jebel Ali na ya Mombasa bila mtu kuuliza.

Vijana wanaopenda hesabu nawapa hii. Kontena la futi 20 lina urefu wa milimita 6,058. Mawili ni 12,116. Kontena la futi 40 ni milimita 12,192. Zilizobaki 76 ni nafasi iliyoachwa makusudi baina ya mawili madogo, ili kona zao za mwisho ziangukie pale pale zinapoangukia kona za lile kubwa.

Sasa nafika kwenye sababu yangu.

Mnalikumbuka kontena la mwaka 2022. Lilikuwa na madaftari ya madrasa, cherehani sita, vitu vya nyumba ya mama mdogo, na mbele kabisa, karibu na mlango ili kitoke kwanza, kitanda cha hospitali na kiti cha magurudumu cha Bi Mkubwa wetu. Mpwa wangu wa Leicester ndiye aliyelinunua kontena lenyewe, la zamani, kwa fedha za Umoja, kwa kuwa tulikusudia libaki nyumbani liwe ghala. Lilipofika langoni mwa bandari likiwa limejaa, mkaguzi alilikataa. Kona ya chini ya nyuma, upande wa kushoto, ilikuwa na ufa mahali ilipochomelewa kwenye nguzo. Mkaguzi alikuwa na haki. Lau lingeinuliwa likakatika, lingeua mtu. Mzigo ukarudishwa, ukashushwa, ukatafutiwa kontena jingine, ukangoja meli nyingine. Gharama za ziada alizilipa mpwa wangu mfukoni mwake. Mzigo ulifika Mombasa wiki tisa baada ya siku tuliyoahidi. Bi Mkubwa alikuwa amekwisha kutangulia siku kumi na tisa kabla yake. Kitanda kilishushwa kikiwa bado ndani ya nailoni yake.

Katika mkutano uliofuata maneno mengi yalisemwa juu ya kijana yule. Yalisemwa kwa heshima, kama ilivyo desturi yetu, na kwa hiyo yaliuma zaidi. Kwamba alikimbilia bei rahisi. Kwamba vijana hawaulizi wakubwa.

Aliuliza. Aliniuliza mimi. Alinichukua kwa gari lake, Jumamosi moja ya mvua, mpaka kwenye yadi ya muuzaji, kwa sababu mimi ndiye mtu wa bandari katika ukoo huu. Nililizunguka kontena lile. Niliingia ndani, nikamwambia afunge milango, nikatazama kama kuna mwanga unaopenya, na haukupenya. Niligonga sakafu kwa kisigino. Nilifungua na kufunga makomeo ya mlango. Rangi ilikuwa mpya, buluu ya kupendeza, na nilimwambia, "Mwanangu, hili ni safi, lipa." Kona za chini sikuinama kuzitazama. Nyasi zilikuwa na maji, na goti langu la kulia lilikuwa likinisumbua. Rangi mpya iliyopakwa mpaka juu ya kona ilipaswa kunishtua. Badala yake ilinipendeza.

Mkutanoni nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwa Mwenyekiti, nami nilinyamaza. Kijana alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini. Hakunitaja. Nasema leo mbele yenu nyote, na naomba Katibu aliandike katika kumbukumbu za Umoja: aliyelipitisha kontena lile ni mimi. Fedha alizozilipa nimemrudishia kabla ya kuja hapa. Alikataa mara mbili. Nilizonazo za kumlipa kwa yale mengine sijazipata.

Mwenyekiti, nina dakika chache, na kesho Umoja unapiga kura juu ya kontena la mwaka ujao. Sitawaambia mnunue au mkodi. Anayekodi hupewa kontena lililokaguliwa na mwenyewe, lakini hulirudisha tupu, na mama mdogo anahitaji ghala. Mkinunua, kuna mambo ya kutazama, na nayaomba yaandikwe.

Kwanza tazameni bamba la usalama mlangoni, lile linalotokana na mkataba wa Geneva wa mwaka 1972. Litawaonyesha mwaka lilipotengenezwa kontena, uzito wa juu kabisa linaoruhusiwa, na uzito linaoweza kurundikiwa. Mengi huandikwa kilo 192,000. Ukaguzi wa kwanza hufanywa kabla ya kutimia miaka mitano, kisha kila baada ya miezi 30 au pungufu. Bamba lisilokuwapo ni jibu tosha.

Kisha kona, zote nane, na za chini zaidi kuliko za juu, maana ndizo zinazokaa topeni na kugongwa na trela. Chukueni brashi ya waya na tochi. Ondoeni tope lililojaa ndani ya tundu. Tazameni mshono wa kuchomelea kuizunguka kona pande zote mnazoweza kuzifikia, mkitafuta ufa au mstari wa kutu unaochuruzika. Kutu inayotoka mshononi kama chozi ina maana maji yameingia ndani. Tazameni kama midomo ya tundu imelika na kupanuka, maana komeo halitakaa. Tazameni kama nguzo imepinda. Rangi ikiwa mpya, ulizeni ilifunika nini.

Na huko nyumbani, mtu asikubali kontena lililojaa liinuliwe kwa minyororo ya mshazari kutoka kona za juu. Kona za juu zimeumbwa kuvutwa wima. Minyororo ya mshazari huzivuta kuelekeana, na nguzo hupinda. Penye winchi ndogo tu, minyororo hufungwa kwenye kona za chini, kwa pembe isiyopungua nyuzi 45 kwa kontena la futi 20.

Kamati imekwisha kupata kontena moja la kutazamwa, si mbali na ukumbi huu. Nimemwomba mpwa wangu anipeleke kesho saa mbili asubuhi, kabla ya kura, naye amekubali. Ye yote apendaye kufuatana nasi anakaribishwa. Mimi nitashika tochi. Yeye, kwa kuwa magoti yake ni mazima, ndiye atakayelala chini na kutusomea anayoyaona.