Matusi haiko sehemu ya kazi
Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Kamatanda, Likasi



Kuchimba munajua kunishinda. Leo tuzungumze juu ya fujo za kazini: matusi, makofi, vitisho, kunyimwa haki yako.

Miye nilimaliza universite, kazi nikakosa. Nikapata kibarua kwenye depo moja ya madini, kuandika kilo za mifuko. Pale niliona ugomvi kila siku, na hauanzaki na ngumi. Unaanzaka kwenye mzani. Mchimbaji anajua uzito wa mfuko wake, mzani unasema ingine. Metorex inapima shaba ndani ya jiwe, lakini namba haoneshwi, anaambiwa tu. Akiuliza, anajibiwa: "Weye unajua nini?" Neno lile njo linaleta ngumi.

Siku moja kijana alipigwa kofi juu aliomba kuona mashine. Miye nikainamisha kichwa, nikaendelea kuandika. Mpaka leo inanisumbua. Kimya yangu ilimsaidia mwenye kupiga.

Shimoni ni vile vile. PDG wa shimo analisha kikundi, wanapatana kwa mdomo tu. Siku madini inatoka, kila mutu anakumbuka mapatano yake. Na bamama: kuna mwenye kutaka mwili wao mbele ya kuwapa kazi. Tusiite ile mapendo. Ni kunyanyasa, na sheria ya 2006 juu ya jeuri ya kingono inaiazibu.

Mu Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière huku kwetu, wakati Likasi ikiitwa Jadotville, na kule Lubumbashi, waligoma juu ya mshahara. Askari wakapiga risasi, watu wakakufa. Wakati ule mfanyakazi mweusi hakuwa na ruhusa ya kuunda sendika. Mahali pa kusema palikosekana, ugomvi ukaishia kwenye damu.

Siye leo tuko na mahali pa kusema. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inahesabu matusi makubwa, vitisho, kupiga na kunyanyasa kuwa kosa zito la mwajiri. Hata kama si yeye aliyefanya, akiachilia wafanyakazi wengine wakutendee vile, kosa ni lake. Unaweza kuvunja mkataba bila kungoja. Lakini mbele ya kufika kwenye Tribinali ya Kazi, lazima upitie kwa Inspekta wa Kazi, ajaribu kuwapatanisha.

Mutaniambia: "Siye wa shimoni hatuna mkataba." Ni kweli. Lakini tangu Kodi ya Madini ilipogeuzwa mu 2018, mchimbaji anapaswa kuwa mu koperative. Basi, koperative isituitie michango tu. Itupe kanuni, na watu wa kusikiliza mashitaka, bamama wakiwa ndani.

Na siye wenyewe tufanye hivi.

Moja: mbele ya kushuka, andikeni. Karatasi ya daftari inatosha: nani anapata ngapi, chakula kinakatwa namna gani, mutu akiumia nani analipa dawa. Kila mutu atie sahihi.

Mbili: kwenye mzani waende watu wawili wa kikundi, namba isomwe kwa sauti.

Tatu: ukitukanwa ao ukipigwa, usirudishe. Ukirudisha, kesho njo weye utaitwa mwenye fujo. Andika siku, saa, mahali, na majina ya walioona. Kisha peleka kwa delege wa sendika, kwa koperative, ao kwa Inspekta. Kama ulipigwa, polisi pia ni mahali pa kushitaki.

Ine: weye uliyeona, sema. Hii ninaisema kwangu kwanza.

Mbele ya kurudi nyumbani, kila kikundi kianze karatasi yake hapa hapa. Kalamu ninazo.