Karatasi Iliyokunjwa Katika Somo la Historia
(Hotuba kwa Waalimu na Wazazi)



Nataka kusema nanyi habari ya kitu kidogo, nacho ni karatasi iliyokunjwa. Twajua sote ya kuwa watoto wengi wa madarasa ya kati huiona historia kuwa somo la kukariri miaka. Hunakili yaliyo ubaoni, huyasoma usiku wa kuamkia mtihani, na baada ya mtihani yote huwatoka. Sababu yake ni kwamba miaka ile haina mahali pa kukaa. Mtoto hajui upi uko karibu na upi uko mbali, wala jambo lipi lilizaa lipi.

Na tutwae mfano wa Mombasa na Wareno. Kata karatasi moja kwa urefu, upate vipande viwili. Viunge ncha kwa ncha kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Ukikauka, ukunje ukanda huo katikati mara tatu, kisha uukunjue. Utaona sehemu nane zilizo sawa. Sasa zikunje moja mbele, moja nyuma, hata zilaliane zote kama ukili. Killa kunjo ni miaka 50, kuanzia mwaka 1450 hata 1850.

Mtoto na aandike mambo mahali pake. Kunjo la kwanza, mwaka 1498, Vasco da Gama alifika Mombasa. La pili, 1505, Wareno waliuteka mji na kuupora. La tatu, 1593, walianza kujenga Ngome ya Yesu. La nne, 1631, Sultani Yusuf bin Hasan aliwaua Wareno wa ngomeni akaitwaa. La tano, 1698, Waarabu wa Oman waliiteka. La sita, 1728, Wareno walirudi, wakafukuzwa mwaka uliofuata. La nane, 1837, Seyyid Said aliutwaa mji.

Tazameni faida yake. Mtoto akihesabu makunjo ataona kwa macho yake ya kuwa Wareno walikuja karibu miaka 100 kabla ya kujenga ngome. Hapo atauliza mwenyewe: Mbona walikawia hivyo? Swali hilo lina thamani kuliko miaka kumi iliyokaririwa. Tena ataona kunjo la saba li tupu. Msilijaze kwa picha ya ua. Mwambieni atafute nani aliyetawala Mombasa siku hizo, naye atawakuta Wamazrui.

Baada ya ukanda huja milango. Kunja karatasi nyingine mara mbili kwa urefu. Upande wa juu tu, ukate kwa mkasi mpaka penye kunjo, upate milango minne. Juu ya mlango andika swali, na chini yake jibu. Kwa mfano, juu: Kwa nini Wareno walijenga ngome Mombasa? Chini: Zamani walitegemea urafiki wa Malindi, lakini merikebu za Waturuki chini ya Mir Ali Bey zilipokuja mwaka 1585, na tena miaka michache baadaye, waliona hawana budi kuishika Mombasa. Juu: Ngome imara hivyo ilishindwaje? Chini: Ilizingirwa tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, na waliokuwamo waliangamizwa na njaa na maradhi zaidi kuliko mizinga.

Hapa nawasihi mshike sheria moja: mtoto asifungue mlango kabla hajajibu kwa kinywa chake. Akifungua kwanza, amesoma tu. Akijibu kwanza, amejipima. Tena asinakili jibu la ubaoni, bali aliandike kwa maneno yake, na mwalimu alisahihishe kwa kalamu ya risasi kabla ya kutiwa wino. Maana kosa lililofichwa chini ya mlango mtoto atajifundisha killa siku.

Jihadharini pia na mapambo. Wako watoto watakaotumia saa nzima kupaka rangi na dakika mbili kufikiri. Kazi ya kukunja na kukata isizidi robo ya kipindi. Wala hapana haja ya karatasi mpya. Iliyoandikwa upande mmoja yatosha.

Nanyi wazazi, kazi hii ni yenu pia. Penye kitabu kimoja kwa watoto wengi, kitabu hakiwezi kwenda nyumbani, lakini karatasi hii yaweza. Hata mzee asiyejua kusoma aweza kumwambia mwanawe, "Nieleze lililo chini ya mlango huu kabla hujafungua." Mtoto akieleza vema, mzee atasikia, akibabaika, atasikia pia.